Birago Alivyomwosha Kwabena

Birago wa mji wa Mampong alikuwa na ugonjwa mmoja tu, usafi. Ua wake ulifagiwa kabla jogoo hajawika, na sufuria zake ungeweza kujitazama humo kama kioo. Ukimsifu kwa jambo jingine alishukuru yakaisha. Ukimsifu kwa usafi alivimba kichwa siku nzima.

Basi mwenye ugonjwa huo akaletewa konokono. Mama mkwe wake, Eno Dufie, alipozeeka na shamba lake la kakao likauzwa, alihamia kwa Birago na vitu vichache. Kimojawapo kilikuwa sanduku la kioo lililojaa udongo wa shamba lile, na juu ya udongo amekaa konokono mkubwa kama ngumi. Bibi alimwokota shambani siku ya Jumanne, kwa hiyo akamwita Kwabena, kama aitwavyo kwao mtoto yeyote wa kiume aliyezaliwa Jumanne. Mji mzima unakula konokono, na bibi huyu anamlisha wake maboga na kumsimulia habari za shamba. Majirani walimwambia Birago kwamba sufuria yake ina subira kweli.

Birago alivumilia, mpaka alipoona vijidudu vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vikirukaruka juu ya udongo. Akachukua kitambaa avifute.

"Viache hivyo," Eno Dufie akamwambia. "Vinakula ukungu na mabaki yake tu, wala havitoki humo. Kwabena naye ana wafagiaji wake, mwanangu."

Birago akaitikia, lakini moyoni akasema huo ni uzee. Jumamosi wanawake wa kanisani wangekutana kwake, na kati yao hawakukosekana wenye macho ya kupekua. Yeye, Birago, aonekane ana wadudu sebuleni?

Jumamosi asubuhi mkwewe alikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Birago akaumwaga udongo wote mtaroni, akakisugua kioo kwa sabuni. Akabaki Kwabena mwenyewe. Tangu utoto mikono yake ilijua njia moja tu ya kuosha konokono: ndimu na chumvi, unasugua mpaka ute wote uishe. Mikono ikafanya kazi yake, kichwa kikiwaza viti vya wageni. Povu likatoka kwa wingi, naye akaridhika kuona uchafu unavyotoka. Alikuja kushtuka mkono mmoja umeshashika sufuria.

Akamsuuza haraka, akamrudisha sandukuni juu ya udongo wa uani. Kwabena hakutoa kichwa tena.

Eno Dufie aliporudi, wageni walikuwa wameshaketi. Akainua kifuniko, akaugusa ule udongo mgeni kwa kidole, kisha akamwinua Kwabena na kumnusa. Akamtazama Birago. Birago alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Vipi, bibi, huyo hajaiva tu?" akatania mgeni mmoja, Maame Tiwaa.

Birago alifungua mdomo aseme. Lakini kusema kungekuwa kuwaeleza habari za wadudu, akaufunga.

"Amekufa," Eno Dufie akasema. "Ni mimi. Jana nilimpa samaki wa chumvi. Akili za kizee hizi."

Wanawake wakacheka, na Maame Tiwaa akasema heri angeingia kwenye mchuzi mapema, akafa kwa faida. Kisha wakamsifu Birago: kukaa na bibi wa namna hii, na nyumba bado inang'aa vile. Uso ukimwaka kwa aibu, Birago akashukuru.

Alipokwenda jikoni kuleta vinywaji, mkwewe akamfuata taratibu, Kwabena angali kiganjani. Birago aliinamisha kichwa kungoja maneno makali. Eno Dufie alimuuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie.

"Udongo wa shamba langu umeumwaga wapi, mwanangu?"

Birago akageuza macho kuelekea mtaroni. Maji ya sabuni yalikuwa yameshauzoa wote.