Vifaranga Wawili wa Jirani

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nayo ni siku niliyomnyima jirani vifaranga wawili.

Mama yangu alikuwa amefariki miezi mitatu tu kabla ya hapo. Aliniachia cherehani mbovu na kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Bibi yake ndiye aliyewaleta kwa treni kutoka Ubundu, ndani ya kikapu, na uzao wao ulikuwa haujakatika nyumbani kwetu. Walilizoea joto la Kisangani. Saa saba mchana, bati likiwaka, kuku wa watu wanahema midomo wazi, wetu wanachakura tu. Hata hivyo mama hakuwaacha vifaranga juani: aliwaatamisha kuku nyuma ya mtungi wa maji, penye udongo wa baridi, na kunyunyiza maji kidogo pembeni.

Nami nikafanya vilevile. Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga tisa. Nililia, mwanangu, maana sauti zao zilikuwa sauti ya ua wetu mama akiwa hai.

Kabla hawajaota manyoya akaja Mama Vero, mke wa mvuvi, mtu wa Isangi, tuliyepakana naye ua.

"Mwewe amemaliza zangu zote," akasema. "Mama yako kila mara alikuwa ananipatia mbili. Nimekuja kuomba."

"Hizi iko za mama," nikamjibu. "Haziko za kugawa."

Sikuwa mchoyo. Au labda nilikuwa, siku hizi sijitetei sana. Nilidhani kumpenda mama ni kukusanya kila kilicho chake chini ya bati moja. Mama Vero akaenda zake.

Joto lilipozidi, ugonjwa ukaingia uani. Asubuhi moja nilimkuta kuku mkubwa amepinda shingo, na baada ya siku nne sikubaki na kuku wala kifaranga hata mmoja. Mama Vero alinikuta nimekaa nyuma ya mtungi. Alikuwa ameniletea mboga ya pondu na muhogo. Nikamwomba msamaha.

"Bon, mutoto, usilie," akasema. "Lakini mama yako hakukuwa ananigawia kuku. Alikuwa anaziweka kwangu. Zake zikikufa, anakuja kuchukua mbegu. Alishakuja mara mbili."

Sikujua. Nimezeeka na maneno hayo.

Leo nafuga kuku wa sokoni, wanaohema mchana kutwa. Kila wakiangua, wawili wanakwenda kwa jirani kabla ya kuota manyoya, naye haniombi. Lakini nikipita mtaa wowote nikaona shingo tupu nyuma ya ua, miguu yangu inasimama yenyewe. Namkumbuka mama.

Basi nisikilize. Kitu cha marehemu wako unachokipenda, usikifungie kwako peke yako. Kama ni mbegu, mpe na mwingine apande. Kama ni ufundi, ufundishe mapema, ungali na nguvu. Jirani anayekuja kuomba, mkaribishe kwanza, umsikilize amekuja na nini.

Na siku ukifika Ubundu, ukimwona kuku wa kishingo mwenye madoa meupe mabawani kama wetu, piga hodi. Waombe wenyeji mayai mawili. Waambie mtungi wa kuwaatamishia bado upo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyofumba, na jirani wa kukutunzia.