Vijiko Vitatu vya Maji

Karani mstaafu alikuwa na mmea mmoja tu kwenye dirisha la sebuleni, wa aina adimu, wenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga. Kila asubuhi hukizungusha chungu chake kidogo ili jua lisiupendelee upande mmoja. Huupangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea, akizuia pumzi asije akaushtua. Kila tarehe mosi huunywesha vijiko vitatu vya maji, akihesabu kwa sauti laini aliyomposea mkewe zamani. "Mmea wa heshima huu," huwaambia wageni. "Hukaa na kiu mwezi mzima na haulalamiki." Kisha humtazama mkewe, wageni wasije wakakosa kuelewa.

Mwezi uliopita mkewe alilala kochini na homa, midomo imemkauka, akamwomba maji. "Subiri kidogo, mama watoto, leo ni zamu yake," akajibu, kijiko mkononi. Moja. Mbili. Akakumbuka hajaupima udongo kwa kidole, akaanza upya. Mke akajikokota jikoni mwenyewe. Basi bwana aliposafiri siku tano kwa dada yake, mkewe aliona si ungwana kumwacha mheshimiwa na kiu. Kila asubuhi akampa jagi zima. Karani aliporudi alikuta majani yamelegea, shina limeoza, na maji yamejaa kwenye kisahani.

"Umemfanya nini?" akauliza kwa sauti ya mfiwa.

"Nimempa maji, baba watoto," mke akasema, akiendelea kufuta meza. "Tena hakuomba hata mara moja."