Damu ya Jirani wa Katumba

Maksai wetu alimpiga pembe mume wangu wakati anamfunga nira. Pembe ilimchana paja, na damu ikatoka jinsi ambavyo sikuwahi kuona ikimtoka mtu. Jirani tuliyepakana naye shamba, mwanaume wa Katumba ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alivua shati akalikaza pale, akasimamisha lori la mahindi tukaenda Mpanda. Hospitali walimshona, wakasema anahitaji damu haraka. Yangu haikufaa. Ya shemeji yangu, ndugu wa mume wangu anayekaa Majengo hapo mjini, haikufaa. Ya jirani ilifaa.

Tulidhani yameisha. Kesho yake mume wangu akavimba uso na miguu, akapata homa, akawa anahema kama aliyetoka kukimbia. Kidonda kilikuwa safi. Shemeji akanivuta pembeni.

"Shemeji, ile damu inamkataa. Huyu bwana hatujui kwao."

"Shamba lake tunalijua."

"Shamba si damu."

Jirani alikuwa kwenye benchi nyuma yetu, amemletea mgonjwa uji. Alisikia. Aliendelea kuukoroga tu.

Nilimfuata daktari, nikamuuliza mbele yao wote kama damu ya huyu ndiyo inamuua mume wangu. Akasema hapana, wamepima tena. Akaeleza taratibu: mtu akipoteza damu nyingi, mapafu na figo vinakosa hewa, vinaumia. Mwili unatuma askari wake wanaopigana na vijidudu. Vijidudu havipo, basi wanapiga nyumba yao wenyewe.

"Ni kinga yake mwenyewe, mama. Aliyempa damu ndiye aliyemfikisha leo."

Shemeji alitoa mfukoni vidonge vya uvimbe alivyonunua duka la dawa. Daktari akavichukua, akasema vingeziumiza zaidi figo. Akamchoma mgonjwa sindano ya kutuliza ile vurugu ya ndani. Alisema wengine inawasaidia, wengine hapana, hataki kunidanganya. Oksijeni ikaendelea, nasi tukangoja.

Mpaka leo sijui kama ni sindano, ni oksijeni, au mwili ulichoka kujipiga. Pumzi ya mume wangu ilirudi. Maneno yake ya kwanza ya maana alimwambia jirani:

"Sasa wewe, nikianza kuongea Kirundi, nani atanielewa nyumbani?"

"Anza kwanza kupalilia tumbaku."

Shemeji alicheka mpaka akajifuta macho. Akatoka, akarudi na chai, na kikombe cha kwanza akampa jirani.

Mume wangu alilima tena. Binti yetu wa mwisho alipoanza darasa la kwanza, alimpeleka mwenyewe kwa baiskeli, akiimba njia nzima. Mwaka huu malaria imemchukua. Bado nalia, lakini misimu ile tuliyoongezewa najua ilitoka kwa nani, na nashukuru kila ninapopita kwenye mpaka wa shamba lake.

Siku ya maziko jirani alisimama nyuma na wanakijiji wengine. Ndugu walipoitwa kutia udongo, nilitia mimi, akatia shemeji. Halafu shemeji akapita katikati ya watu na koleo mkononi, akamfuata kule nyuma.

"Njoo, ndugu yangu. Tunayemzika ni wako pia."

Akaja. Ndugu wakampisha.