Shuka la Mama Pasi

Miaka kumi na tisa Mama Pasi alikuwa akifua na kunyoosha nguo za watu katika chumba kimoja chenye madirisha mawili, na hakuna mteja aliyewahi kumkuta na vazi lililokunjamana. Kwa hiyo mwandishi wa kile kipindi cha habari cha Jumapili alipomwomba avue gauni lake zuri, avae "kitu cha kawaida tu, mama, cha huzuni kidogo," alimkosea tangu mwanzo.

"Kawaida yangu ndiyo hii," alimjibu. "Huzuni mnaitaka nyinyi."

Huzuni yenyewe ilikuwepo, tena tele. Miezi miwili nyuma boila la kiwanda cha sabuni lilipasuka. Mumewe, fundi aliyelihudumia boila hilo miaka kumi na zaidi, alitoka na mikono iliyoungua hadi viwikoni. Bado yuko wodini, barua ya kufukuzwa ikamfikia: eti alilala kazini. Alijaribu kueleza, msimamizi wake wa kiwandani akakana kila neno, basi mume akarudi nyumbani, akajifungia ndani, akanyamaza. Mtaani wakampachika jina, Bwana Usingizi. Na wanaomwita hivyo ndio hao hao wanaomletea Mama Pasi mashati, wamebana kicheko. Ilimuuma mno.

Lakini Mama Pasi aliujua ukweli. Mumewe alikuwa na tabia moja iliyowagombanisha tangu waoane: kila saa alisoma geji, kile kipimo cha mvuke wa boila, na kwa uvivu wa kutafuta karatasi aliandika kwa kalamu kwenye mkono wa ovaroli. Mama Pasi ameusugua wino huo huku akimsema mpaka sauti ikauka. Siku ya ajali mume alipita nyumbani saa tisa alasiri, ovaroli imechanika gotini, akavaa nyingine na kurudi kazini. Saa kumi na moja boila likapasuka. Ile iliyochanika ilibaki chini kabisa ya tenga, maana kwa dobi nguo za wateja hufuliwa kwanza, za nyumbani zikangoje huko. Alipoifikia, wiki tatu baadaye, beseni limeshajaa maji, aliusoma mkono wa kushoto na kuyamwaga maji yote.

Aliipeleka kiwandani. Wakamwambia wino mtu yeyote anaweza kuandika, akarudi nayo. Ndipo akawapigia simu watu wa televisheni.

Sasa, Mama Pasi si mtoto. Alishawaona wakimhoji muuza mikate wa mtaa wa pili, mzee wa watu kaeleza nusu saa nzima, wakaonyesha machozi na kamasi tu. Kwa hiyo asubuhi ile alichukua shuka lake jeupe na wino wa kutilia alama nguo za wateja, ule usiotoka hata uusugue kwa jiwe. Akanakili maneno ya mumewe ya kwenye ovaroli kwa herufi kubwa kama kiganja kizima, akalitundika nyuma ya meza ya kunyooshea, ukuta mzima.

Mwandishi alilitazama shuka, akajikuna shingo. "Mama, hili tulitoe. Linavuta macho."

"Halijakauka."

"Naliona limekauka."

"Dobi ni nani hapa, mimi au wewe?" Akaibonyeza pasi kwenye kola. "Shuka linabaki, au kamera yako inaondoka. Chagua, nina mashati arobaini."

Mpiga picha alikohoa kuficha kicheko na kurudi hatua mbili nyuma ili shuka lienee. Mwandishi akauliza maswali yake. Alitaka machozi, hakupata hata tone. Mama Pasi alijibu yote, kavu, kola baada ya kola.

Jumapili mchana walijazana sebuleni kwa wifi yake, maana ndiye mwenye televisheni kubwa. Majirani nao walikuja, hata wale wa jina la Usingizi. Mume aliburutwa na dada yake, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono ndani ya koti.

Meneja wa kiwanda alipewa dakika tatu, kiti cha ngozi na glasi ya maji. Mama Pasi wakamwachia sentensi moja: "Ndiyo, alikuwa akirudi amechoka." Hiyo tu. Ila waliionyesha sentensi hiyo mwanzo, wakairudia katikati, na mwisho wakamwonyesha ananyoosha tu huku msomaji wa habari akisoma taarifa yake, na kila mara shuka lilikuwa pale, maneno meusi juu ya weupe. VALI IMEKWAMA. NIMEMWAMBIA MSIMAMIZI. KASEMA TUMALIZE ODA KWANZA. SAA NANE.



"Umekosea," mume alisema kutoka mlangoni. Watu wote wakageuka. "Ilikuwa saa nane na robo. Robo ilifutika kwenye mshono."

"Kumbe usingizini kuna saa ya ukutani," wifi alisema, akiwatazama majirani mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

Mume alisimama, akaitoa mikono kwenye koti na kuiacha ionekane ilivyo. Akawaeleza vali, ile ya kutolea mvuke, ilivyokwama, na msimamizi alikuwa amesimama wapi alipokataa. Kisha akamgeukia mkewe.

"Hiyo ovaroli iko wapi? Kesho naipeleka kiwandani mwenyewe. Ninyooshee shati."

"Shati liko tayari," alisema Mama Pasi. "Nililinyoosha siku ile ile waliyokuletea barua."