Sketi Yenye Kiraka cha Ngozi

Suruali kuukuu ikilowekwa kwenye maji hutoa harufu ya mtu usiyemjua: jasho, vumbi, na kitu kingine ambacho sabuni haikiwezi. Niliinusa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa hivi, enzi za Mjerumani, vita vikiwa vimeanza na vijana wetu wa miteremko ya Meru wakichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mimi sikujali vita. Nilitaka shule, na shule ya misheni haikumpokea msichana aliyevaa ngozi. Baba akanichukua tukashuka Bomani na kibuyu cha asali, akabadilishana na askari mmoja kwa suruali ya kaki. Askari alicheka akisema, "Chukua, mzee. Mwenyewe haihitaji tena." Baba hakucheka. Nilishangaa kwa nini, kwa kuwa kwangu hayo yalikuwa maneno ya kufurahisha.

Mama alifumua mishono ya ndani ya miguu kwa msharasi wake wa kushonea ngozi, akakata miguu yote juu ya magoti, na kutoka vipande vilivyobaki akapata pembetatu ya kuziba uwazi wa katikati. Kwenye pembetatu hiyo tayari palikuwa na kiraka cha ngozi ya mbuzi, kilichoshonwa kwa uzi wa kano, na kwenye kona yake ushanga mmoja wa buluu. Nilimsihi akitoe, maana kilikaa mbele kabisa. "Mjinga wewe," akasema, "nguo yote itaisha, hicho kitabaki." Mama hakuwa mtu wa kubembeleza.

Siku ya gulio mimi na mama tulikwenda Ngaramtoni, nami nikatembea kifua mbele. Pale palikuwa na mama mmoja muuza maziwa ambaye mwanawe wa pekee alichukuliwa kuwa mpagazi. Kila gulio aliwauliza wapita njia habari zake, akimtaja kwa jina, kwa sauti. Kwetu sisi Waarusha wa zamani aliyekufa hatajwi jina. Basi maadamu mama yule alilitaja, kijana alikuwa hai, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nilimwinamia kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, akaniwekea mkono kichwani. Mkono haukuondoka. Kisha akapiga magoti mbele yangu, akakishika kile kiraka, akapapasa mishono yake mmoja mmoja mpaka kwenye ushanga.

"Mwanangu, nguo hii mmeipata wapi?"

"Bomani, yeyo," nikasema, yaani mama kwa lugha yetu.

"Na mwenyewe?"

Nilifurahi kuwa na jibu. "Mwenyewe haihitaji tena," nikasema, na nikacheka vilevile alivyocheka askari.

Mama yangu alinipiga kofi ambalo hadi leo nalisikia sikioni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama yule hakulia. Alivua hereni zake, akavua shanga za shingoni, kama afanyavyo mama aliyefiwa na mwana, akazipakata. Hapo ndipo nilipoelewa kiraka kile alikishona nani. Mama yangu akasema sketi itafumuliwa sasa hivi, achukue kiraka chake. Mama yule akakataa. "Mwache avae. Aende akasome." Magulio yote yaliyofuata aliuza maziwa yake, na jina lile hakulitamka tena.

Niliivaa sketi ile miaka mitatu. Kaki ilichanika, kiraka kikabaki, kama mama alivyosema.

Jana, nyumbani kwetu Levolosi, mjukuu wangu aliloweka jinzi kuukuu, akafumua miguu, akakata pembetatu. Nilimuuliza ilikuwa ya nani. "Mtumba tu, Bibi. Haina mwenyewe," akajibu, akacheka. Hakuna aliyempiga kofi. Anashona kwa cherehani, kwa nusu saa, na shuleni kwao hawamfukuzi mtu kwa kuvaa ngozi. Nami nilisimama pale na ile harufu puani. Siku hizi majina ya wafu huchongwa misalabani, husomwa kanisani, na wazee waliotukataza kuyataja wamekwisha. Jina la kijana yule halikuchongwa popote. Kuandika nilijifunza nikiwa nimevaa suruali yake, basi naliandika: aliitwa Saruni.