Mgeni Niliyemwacha Ndani ya Mwamba

Mwaka jana kazi ilinipeleka Cairo kwa semina ya wiki mbili, na ilipokwisha nikabaki na siku tatu za kwangu mwenyewe. Nilipanda ndege hadi Luxor kuyaona yale mahekalu niliyoyajua tangu utotoni kwa chaki tu, ubaoni. Nilikodi kiongozi wa peke yangu, mzee mwenye kofia ya majani na Kifaransa safi, kwa sababu sipendi kukimbizwa pamoja na kundi la watalii. Wewe unanijua, nataka mtu nimuulize maswali mpaka achoke. Naye hakuchoka. Alinipitisha kati ya nguzo nene ambazo watu wazima wakishikana mikono wanapata shida kuzizunguka, akanionyesha nyuso za miungu zilizobanduliwa kwa patasi na watu waliokuja baadaye wakaziogopa. Kisha tukazidi kuingia, chumba baada ya chumba, paa likishuka na mwanga ukipungua, hadi chumba cha mwisho kabisa.

Ukutani mwa chumba kile kulikuwa na kuhani amechongwa, fagio mkononi, uso ameugeuza nyuma. Kiongozi akanieleza kwamba huyo anatoka. Ibada ilipokwisha, kuhani mmoja alibaki nyuma ya wote, akaondoka huku akifagia nyayo sakafuni, ili asibaki mtu yeyote ndani, hata alama yake. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo bila shaka amekwisha kulisema mara elfu. Nilikaa chini pale pale juu ya jiwe, na yule mzee akadhani ni joto, akanifungulia chupa yake ya maji. Haikuwa joto. Nilikuwa nimemkumbuka mwalimu wangu wa darasa la sita.

Nimezaliwa Kalemie, lakini kila vakansi kubwa, likizo ya mwisho wa mwaka wa shule, mama alinipandisha boti kwenda Mpala, kijiji cha ziwani, kwa mama yake, ambaye sisi wajukuu wote tulimwita Nkambo. Nikifumba macho bado napata harufu ya muhogo uliolowekwa, ile harufu kali inayowafanya wageni wazibe pua na sisi tujazwe mate mdomoni. Kengele ya misioni ilipolia asubuhi, mimi nilikuwa nimekwisha kutandaza muhogo juu ya mawe ya pwani na nimeanza kazi niliyoichukia kuliko zote, kufukuza mbuzi. Mchana ilikuwa ugali na mikebuka ya kuchoma, samaki wa mafuta yanayoteremka hadi kwenye kiwiko. Jioni tulitwanga. Na pembeni ya kinu kikubwa Nkambo aliweka kinu kidogo, cha unga mweupe ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuonja.

Unga ule ulikuwa wa Kwa Ngulu. Ngulu, kwa wazee wetu, ni pepo wa mahali, mwenye mwamba wake au maji yake, na wa kwetu alikaa kwenye mwamba mkubwa uliojitokeza ziwani, kiasi cha saa moja kwa miguu kutoka kijijini. Mwamba ulikuwa na ufa wa kupita mtu mmoja. Ukiingia, kulikuwa na nafasi ya ukubwa wa chumba cha kulala, vyungu vya kale vimepangwa ukutani, shanga zimezagaa, harufu ya popo, na chini ya miguu yako unasikia ziwa limejipenyeza, likipiga taratibu. Nkambo ndiye aliyekuwa mwenye kuingiza watu. Walimjia wavuvi, wanawake wasiopata watoto, wafanyabiashara Waislamu kutoka mjini ambao hawakutaka ijulikane, na mara mojamoja mtu wa kuja kushangaa tu. Hakuingiza watu wawili kwa pamoja. Jumapili alikuwa misani kwenye benchi la mbele, na padri alipomuuliza, alimjibu kwamba padri ana mlango wake na yeye ana wake.

Nilimfuata mara nyingi hata nikajua kila kitu kwa moyo. Mgeni anavua viatu. Mwenye kuingiza anamwaga unga mlangoni, anamtaja mgeni kwa jina lake na jina la mama yake, anasema amekuja kutembea. Hakuna kuonyesha kitu kwa kidole. Wakati wa kutoka, mgeni anatangulia, na mwenye kuingiza anabaki nyuma, anamtaja tena yeye na mama yake, anasema: huyu naenda naye. Ndipo na yeye anatoka, kinyumenyume. Siku moja nilimuuliza Nkambo inakuwaje mtu akisahau kusema yale ya mwisho. Alikuwa anapepeta, na hakusimamisha ungo. Alisema hapo ni kama umeleta zawadi, na mwenye kupewa zawadi hana kosa akiiweka.

Sasa mwalimu. Alikuwa mtu wa Nyunzu, mwembamba, mwenye mashati mawili aliyoyapiga pasi hadi yanang'aa. Ndiye aliyetuchorea mahekalu ya Misri ubaoni, nguzo kwa nguzo, akawakataza wafagiaji wasifute kwa wiki nzima. Nilimpenda sana yule mtu, nakwambia kweli. Alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba maswali yangu si utundu. Siku moja, kwa kutaka kujitanguliza, nilisimama darasani nikasema hata sisi Mpala tunalo hekalu, na bibi yangu ndiye kuhani. Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, akaandika kwenye daftari lake.

Vakansi ile akaja. Alifika kuiona misioni, na kwa siku mbili alizungukazunguka kanisa akipima kuta kwa hatua zake, kisha akaja nyumbani kumtafuta Nkambo. Nkambo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kirungu, kule juu milimani, kwenye kilio cha dada yake, na boti ya kumrudisha ilikuwa bado siku nne. Boti ya mwalimu ilikuwa kesho. Alisikitika, akaaga kwa adabu. Ni mimi niliyemfuata hadi kwenye njia, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikamwambia najua kila kitu, nitamwingiza mimi.

Unga niliuchota kwenye kinu kidogo. Tulipofika mlangoni akavua viatu na soksi, akazipanga vizuri, na nilipomuuliza jina la mama yake alinitajia akitabasamu, akasema mama yake angefurahi kutajwa mahali kama pale. Nikayasema maneno yote kwa sauti ya Nkambo. Na hapo, ninaapa, maji chini ya mwamba yalinyamaza. Tulikaa ndani labda nusu saa. Aliandika, alichora vyungu, hakugusa kitu, aliheshimu pale kuliko watu wengi niliowaona. Muda wote ule maji hayakupiga, nami nilijiambia kwamba upepo umelala.

Kosa lilitokea kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu. Mbele ya ule ufa palikuwa na mteremko wa mawe yenye utelezi, na yeye hakuweza kukubali mtoto wa kike abaki nyuma peke yake. "Tangulia, mama," aliniambia, "nikuone ukishuka." Mtoto anaambiwa na mwalimu wake atangulie, atafanya nini? Nilitangulia. Nilijiambia nitayasema maneno tukiwa nje, lakini nje akaanza kuniuliza habari za Nkambo na za mama wa Nkambo, akaniambia nitakuwa mwanafunzi mkubwa, na mimi nilikuwa nimevimba kwa sifa. Nilikumbuka tulipokuwa tumefika kwenye nyumba za kwanza, na jua lilikuwa bado juu. Ningeweza kumwambia turudi. Niliona haya, basi. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba.

Nkambo aliporudi aliona kinu kimeguswa. Nilimweleza kwamba mwalimu alikuja na nilimwingiza. Hakunipiga. Aliniangalia tu, akauliza, "Ulimutoa?"

Nikasema ndiyo.

Masomo yalipoanza, tulipanda darasa la sita na yeye akapanda nasi; mwalimu alikuwa yule yule, na shati lile lile. Halafu, tuseme mwezi wa pili wa masomo, alianza kusimama katikati ya somo, chaki ikiwa imegusa ubao, bila kuendelea. Tulisubiri. Wengine walicheka mwanzoni, baadaye wakaacha. Madirisha ya darasa letu yalielekea ziwani, naye alihamisha kiti chake akakaa ameyaelekea. Mke wake akaanza kuja kumpokea getini saa za kutoka, kwa sababu siku mbili alikuwa amepotea njia ya kwenda kwake, njia ya dakika kumi. Watu wazima walisema ni malaria imepanda kichwani. Wengine walisema ni ndugu zake wamemtegea kitu kwenye chakula. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nashindwa kula, na mama alinipa dawa ya minyoo.

Kisha ikaja siku ya fomu. Walimu wote walipewa fomu ya kujaza kwa ajili ya biro, ofisi ya wakubwa wa shule, na unajua fomu zetu, hazikuachi bila kukuuliza baba na mama. Alitupa zoezi la hesabu, akakaa kujaza. Nilimwona ameandika, akakwama, kalamu hewani. Halafu akainuka, akapita kati ya madawati hadi kwenye langu, akainama karibu na sikio langu ili wengine wasisikie.

"Mutoto, siku ile kule kwenu, nilikuambia mama yangu anaitwa nani?"

Jina nililijua. Lilikuwa kwenye ulimi wangu, lipo hata sasa ninapoandika. Lakini niliona kwamba nikilisema, kila kitu kitafuata: kwamba ni mimi, kwamba nilidanganya, kwamba Nkambo atajua. Nikamwambia, "Sijui, Mwalimu." Alinishukuru. Akarudi mezani kwake, akaiacha nafasi ile wazi, na kesho yake hakuja kazini.

Nilibeba jambo hilo wiki tatu. Nkambo alipokuja mjini kupimwa macho ndipo nililitapika lote, uani, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Aliweka majani chini. Sikuwahi kumwona ameogopa kabla ya siku ile. Nilimwomba aende akamtoe, yeye anayejuana na pale. Akatikisa kichwa.

"Mwenye kuingiza njo mwenye kutoa. Mi siwezi, hata nikilia."

Asubuhi iliyofuata alinishika mkono tukaenda nyumbani kwa mwalimu, tumchukue wote tupande boti ya Mpala. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akatuambia ndugu zake walikuja, wamempeleka Nyunzu kwa treni. Zilikuwa zimepita siku mbili tangu waondoke. Mama hakutaka kusikia habari ya kumpeleka mtoto Nyunzu kwa ajili ya mambo ya mwamba, na Nkambo hakuwa na neno kubwa nyumbani kwa mkwe wake. Alirudi Mpala peke yake. Tangu hapo hakumwingiza mtu tena, na kile kinu kidogo alikipindua.

Alifariki nikiwa nasoma Lubumbashi. Niliolewa, nikapata kazi, nikarudi Kalemie, na kila mwaka nilijiambia nitakwenda Nyunzu kumtafuta. Halafu mapigano yakafika Nyunzu, watu wakatawanyika, na kila niliyemuuliza aliniambia familia ile haijulikani ilipoelekea. Nilipumua kidogo niliposikia hivyo, na nilijichukia kwa kupumua.

Basi kutoka Luxor sikupumzika hata siku mbili. Nilikodi boti kwenda Mpala. Wewe umeona ziwa lilivyopanda miaka hii, limekula barabara na nyumba za watu hapa mjini, na kule nako limefanya kazi yake. Mawe tuliyotandazia muhogo yako chini ya maji. Nyumba ya Nkambo imebaki ukuta mmoja. Wasichana wa pale niliowauliza njia ya Kwa Ngulu walitazamana, wakasema hawajapata kusikia jina hilo. Nilimwelekeza mimi mwenyewe papa wa boti, yule mzee aliyeiendesha, kwa kukumbuka kilima kilicho karibu na mwamba. Mwamba umebaki mgongo tu. Ufa umezama karibu wote, unaonekana kipande cha juu, cheusi, na maji yanaingia na kutoka.

Nilivua viatu nikashuka majini hadi kifuani. Unga wa dukani niliokuja nao ulielea, ukatawanyika. Nikamtaja mwalimu. Nikamtaja mama yake, kwa sauti, jina ambalo sikulitamka tangu siku ile, nikasema: huyu naenda naye.

Kisha nikakumbuka kwamba mgeni ndiye anayetangulia. Kwa hiyo nikajibana kando, mgongo kwenye jiwe, nikampisha. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Papa wa boti aliniita mara ya kwanza, akaniita ya pili, akasema, "Mama, tuende, upepo unaamuka." Nilimwomba anivumilie. Sikuweza kuondoka, rafiki yangu, kwa sababu nilitakiwa niwe wa mwisho, na sikuwa na njia yoyote ya kujua kama amekwisha kunipita.