Vibano Viwili na Meza Moja ya Kukatia

Jumanne ya tarehe 9 Machi 2021, fundi wa mapazia ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mapazia alifungwa plasta mkono wa kulia, kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko. Kadi ya hospitali inasema mfupa wa kifundo ulivunjika. Haisemi kwamba aliuvunja kwa kuanguka kutoka juu ya stuli, akitundika pazia ndani ya karakana yake mwenyewe, huku amegeuka nyuma kumgombeza wifi yake kwamba hajui kushika stuli.

"Stuli niliishika," wifi anasema mpaka leo. "Aliyeachia ni yeye."

Karakana ni chumba kirefu chenye dirisha moja. Cherehani zimepangwa kando ya ukuta, na chini ya dirisha ndipo ilipo meza ya kukatia, pana kama kitanda, uso wake mweupe kwa chaki ya miaka mingi. Anayekata ndiye mwenye neno. Yeye ndiye anayeamua kazi ya nani itangulie, mteja msumbufu ajibiwe nini, na redio iwe stesheni ipi. Mama mkwe, aliyeianzisha karakana hiyo kabla magoti hayajamgomea, aliacha kanuni moja tu: meza ni ya mtu anayeweza kukata turubai lililokunjwa mara mbili, ukingo hadi ukingo, kwa mkasi mkubwa, bila kusimamisha mkono. Anayeitaka meza anaomba. Aliyenayo na anayeitaka wanakata mbele ya mama mkwe, na mjadala unaishia hapo kwa miezi mitatu, ndipo aliyeshindwa aweze kuomba tena.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeomba.

Plasta ilipofunguliwa, mkono ulitoka mwembamba na umepauka, utadhani ulikuwa umefungwa jela. Mama Mapazia alishindwa kufungua chupa ya maji. Muda wote ule aliyekuwa akikata ni wifi, mdogo wa mume wake, msichana mwenye mabega ya mbeba magunia na mdomo usiojua likizo. Alikuwa amenogewa. Stesheni ya redio ilishabadilishwa.

"Wifi, huo mkono si umepona?" aliuliza.

"Umepona kabisa."

"Haya, kata hili turubai."

Mama Mapazia aliutazama mkasi, mkasi nao ukamtazama. "Nakunywa chai kwanza," akasema.

Kesho yake wifi akaomba meza. Mama mkwe akapanga Jumamosi ya mwisho ya Juni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alimshauri anunue kibano cha mkono, kile kifaa chenye mishikio miwili na springi katikati, unachokikamua kiganjani mpaka mishikio ikutane. Alinunua cha kwanza alichokiona: chekundu, chenye skrubu ya kuongeza na kupunguza ugumu. Akairekebisha alivyoelekezwa, akawa anakamua kila akipata nafasi. Akimaliza, anakiweka juu ya meza ya kukatia.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu wa karakana. Kwa kina Mama Mapazia, kilichowekwa juu ya meza ya kukatia ni mali ya wote. Mkasi, chaki, tepu, hata andazi. Ukiliweka pale umeligawa.

Jumatatu alikamua kibano kikafunga chenyewe kama mlango wenye upepo. Alitembea karakana nzima akikionyesha. Jumanne kikagoma kata kata. Jumatano kikawa laini tena. Alienda hospitalini na malalamiko kwamba mkono wake una tabia za mwezi, mara umejaa, mara umekonda.

"Mkono hauwi hivyo, mama," mtaalamu alimwambia. "Angalia kifaa."

Akarudi, akakaa nyuma ya mapazia ya mteja yaliyotundikwa yakisubiri kuchukuliwa, akachungulia. Hakusubiri sana. Wifi aliingia, akatazama kushoto na kulia, akakichukua kibano, akazungusha skrubu, mara kulegeza, mara kukaza mpaka mwisho, na kuanza kukamua huku ametoa ulimi.

"Mwizi!"

Wifi aliruka. Kibano kikaangukia kwenye ndoo ya vifungo.

"Mwizi wa nini? Kilikuwa mezani!"

"Unafanyia mazoezi kibano changu ili uninyang'anye meza yangu?"

"Sasa nifanyie cha nani? Mimi kibano sina."

Jibu lilikuwa la kihuni, lakini lilikuwa jibu. Isitoshe, kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi. Zile siku kibano kilipofunga kama mlango, hazikuwa zake. Zilikuwa za skrubu. Hakujua tena kama mkono wake umepanda au umeshuka, na kwa mtu anayepima pazia mara tatu kabla ya kukata, kutojua ni ugonjwa mbaya kuliko kuvunjika.

Aliamua kununua vibano viwili visivyo na skrubu, ugumu uleule, kimoja chake na kimoja cha wifi. Akishinda, ashinde bila mtu kusema lolote. Mume wake alimuuliza kwa upole kama amewahi kuona bondia anayemnunulia mpinzani glavu.

Duka la vifaa vya michezo ni la jamaa anayeitwa Kifua, na ukimwona huulizi kwa nini. Mama Mapazia aliingia na pasi ya chuma ya zamani, jiliwa ndogo ya kubania kitambaa mezani, na tepu shingoni.

"Mama, fundi wa pasi yuko mlango wa pili," Kifua alisema.

"Nataka vibano viwili vya kilo thelathini. Vilingane."

"Vyote hivi vimeandikwa thelathini. Chukua vyovyote."

"Maandishi hata mimi naweza kuandika. Lete boksi."

Alibana mshikio mmoja kwenye ukingo wa kaunta kwa jiliwa, akatundika pasi kwenye mshikio wa pili, akapima kwa tepu nafasi iliyobaki katikati. Akatoa, akaweka kingine. Pasi ileile, maandishi yaleyale: kimoja kilinyong'onyea, kingine kikaibeba pasi kana kwamba kimebeba kofia. Wateja wawili waliokuja kutafuta viatu waliacha kutafuta viatu.

"Na hivi vimetoka boksi moja?" Mama Mapazia aliuliza.

"Boksi moja, kiwanda kimoja. Naapa."

"Hata mimi na dada yangu tumetoka tumbo moja. Njoo umwone."

Alipofika nusu ya boksi akapata viwili vilivyoinama sawasawa chini ya pasi. Alikuwa anavifunga kwenye mfuko Kifua alipomzuia.

"Subiri, mama. Pasi yako inaonja mwanzo tu. Haifungi kibano mpaka mwisho, na kazi yote iko mwisho." Akavikamua vyote viwili, kimoja baada ya kingine, polepole, amefumba macho. "Hiki cha kushoto, mishikio ikikaribia kukutana, kinakaza zaidi. Jaribu."

Alijaribu. Hakuweza kufunga hata kimoja mpaka mwisho, lakini mahali mkono ulipokwama palitofautiana, na aliyasikia hayo kwenye mfupa. Walipekua nusu ya boksi iliyobaki, yeye na pasi, Kifua na kiganja. Viwili hivyo ndivyo vilivyobaki kuwa karibu zaidi. Alifunga uzi wa kijani kwenye kile kigumu, akaondoka navyo.

Wifi alipopewa kibano kisicho na uzi alikitazama kwa jicho la mpelelezi.

"Kwa nini umenipa chepesi? Unataka nisipate nguvu?"

"Basi chukua kigumu."

"Ahaa! Unataka nichoke kabla ya Jumamosi!"

Walikubaliana kubadilishana kila asubuhi. Tangu hapo karakana ikajaa mlio mpya, nyii-nyii, nyii-nyii, huyu akikamua huku akiongea na mteja, yule huku akisubiri pasi ipate moto. Safari hii mkono wa Mama Mapazia haukuwa na tabia za mwezi. Ulikuwa unapanda, kidogo kidogo, kama mtu mzima apandavyo ngazi. Wiki moja kabla ya Jumamosi ile alifunga kibano chepesi mpaka mishikio ikagongana. Wifi alisikia ule mlio, akakishika chake na hakukiweka chini mpaka jioni.

Jumamosi mama mkwe aliletwa, akakalishwa kando ya meza, akafumba macho. Huwa anahukumu kwa masikio. Mkasi unaokata unaunguruma. Mkasi uliosimama uko kimya, na ukimya haubishaniwi.

Mama Mapazia alianza. Mstari ulinyooka kama uliopigwa rula. Alipita katikati, akapita robo tatu, na pale kwenye pindo la mwisho, turubai lilipokuwa nene zaidi, kidole gumba kikagoma. Muungurumo ukakatika. Kisha ukarudi, akamaliza.

"Umesimama," mama mkwe alisema, macho bado yamefumba.

"Nilipumua tu, mama."

"Kwa mkono?"

Wifi akashika mkasi. Alikata kwa muungurumo mmoja usio na nukta, pindo na yote, akatoka upande wa pili akiwa ametoa ulimi. Mstari wake ulikuwa umepinda kama mkia wa mjusi.

"Mama, hebu fumbua macho uone huo mstari!" Mama Mapazia alisema. "Hapo limekatwa turubai au umechorwa mto?"

"Kanuni haisemi kunyoosha," wifi alisema haraka.

Mama mkwe alifumbua macho, akaupitisha mkono juu ya ule ukingo, akautazama kwa muda mrefu. "Ni kweli haisemi," alikubali. "Nilipoiweka sikudhani ingehitaji kusema." Akausukuma mkasi mkubwa upande wa wifi.

Mama Mapazia alivua tepu yake shingoni, akamvisha wifi. Akaenda kukaa kwenye cherehani ya pembeni, akatoa kibano chenye uzi wa kijani mfukoni, kwa sababu ile ilikuwa siku yake ya kigumu.

Jumatatu wifi anaanza kukata mapazia ya ukumbi wa shule, na Mama Mapazia ndiye atakayeyashona, yakija yamepinda au yamenyooka. Kanuni inaruhusu aliyeshindwa kuomba meza tena baada ya miezi mitatu. Ameshaomba.